Karakana ya Yawata ya mwaka 1900 na nguzo za chuma za Mji Mkongwe

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Chake Chake. Nimesikia kwamba Japani kuna kiwanda cha chuma cha zaidi ya miaka mia moja ambacho kimetiwa katika Urithi wa Dunia na bado watu wanafanya kazi ndani yake. Huku kwetu tunaambiwa jengo la urithi lisiguswe hata msumari. Hilo la Japani limejengwaje hata likadumu, na imewezekanaje likawa la urithi na la kazi kwa pamoja? Nauliza kwa sababu mwenye nyumba mmoja wa Mji Mkongwe ananitaka niende Unguja nimchomelee reli ya ngazi kwenye nguzo ya zamani ya chuma, nami nasita.

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Umefanya vyema kusita, na mwishoni nitakueleza kwa nini. Lakini nianze na hilo la Japani, kwa sababu habari zake zikieleweka vizuri, na la nguzo yako litakuwa jepesi.

Uliyosikia ni kweli. Kiwanda chenyewe kinaitwa Yawata, kipo katika mji wa Kitakyushu, mkoa wa Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu. Jengo linalozungumzwa zaidi ni karakana ya matengenezo iliyojengwa mwaka 1900, ambayo mpaka sasa inatumika kutengeneza na kurekebisha vipuri vya mitambo ya kiwanda. Ndilo jengo la zamani kuliko yote yaliyobaki Japani yaliyojengwa kwa mifupa ya feleji, yaani chuma cha pua (steel). Mwaka 2015 liliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na majengo mengine ya Yawata, yakiwa sehemu ya mkusanyiko wa maeneo 23 yanayoonyesha jinsi Japani ilivyojifunza kuyeyusha chuma, kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1910.

Wajapani hawakuanza na Yawata. Kwa karne nyingi walikuwa wakipata chuma kutokana na mchanga wenye madini, wakiuchoma kwa makaa ya miti ndani ya matanuri ya udongo na kuupulizia kwa mivukuto, na chuma hicho ndicho kilichofuliwa panga zao mashuhuri. Hata hivyo njia hiyo haikuweza kutoa chuma cha reli, cha mizinga mikubwa wala cha meli. Mwaka 1857 mtaalamu aitwaye Oshima Takato alifanikiwa kuyeyusha mawe ya chuma huko Kamaishi, kaskazini-mashariki mwa nchi, katika tanuri refu la namna ya Ulaya, akitegemea zaidi maelezo ya kitabu cha Kiholanzi. Tarehe 1 Disemba, siku aliyopata chuma chake cha kwanza, Wajapani huiadhimisha mpaka leo kuwa siku ya chuma.

Kutoka hapo hadi kiwanda cha taifa palikuwa na safari ndefu. Baada ya vita vyake na China vya mwaka 1894 na 1895, serikali ya Japani iliona kwamba haiwezi kuendelea kununua feleji yake yote kutoka nje, na sehemu ya fidia iliyolipwa na China ikaingia katika gharama za kiwanda kipya. Mwaka 1897 kilichaguliwa kijiji cha Yawata. Makaa ya mawe yalikuwa karibu, katika machimbo ya Chikuho, na ghuba ya Dokai ilikuwa mlangoni, hivyo mawe ya chuma yangeweza kuletwa kwa meli kutoka machimbo ya Daye nchini China. Kazi ya kusanifu kiwanda ilipewa kampuni ya Kijerumani ya Gutehoffnungshütte, ya mji wa Oberhausen.

Hapa pana jambo ambalo fundi kama wewe utalielewa haraka kuliko wasomi wengi. Nchi ilitaka kujenga nyumba ya kutengenezea feleji, lakini haikuwa na feleji ya kuijengea nyumba hiyo. Kwa hiyo michoro ilitoka Ujerumani, na mihimili na nguzo nazo zikatoka Ujerumani kwa meli, zikaunganishwa Yawata. Karakana ya matengenezo na karakana ya uhunzi zilisimama mwaka 1900, kabla tanuri kubwa la kwanza halijawashwa. Mpangilio huo ulikuwa na hekima kubwa. Kiwanda kilicho mbali na muuzaji wa mitambo yake hakiwezi kusubiri kila gurudumu na kila ekseli ivuke bahari kwa miezi. Lazima kiwe na mahali pa kujitengenezea. Mimi naona kwamba karakana ile ndiyo iliyokifanya kiwanda kiweze kuishi, ingawa picha zote hupigwa penye tanuri.

Na tanuri lenyewe lilikuwa na mwanzo mgumu. Liliwashwa tarehe 5 Februari 1901, na sherehe ya ufunguzi ikafanyika mwezi wa Novemba mwaka huohuo, lakini kufikia Julai 1902 lilikuwa limezimwa. Makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia hayakuwa na ubora uliotakiwa, na umbo la ndani la tanuri, lililosanifiwa kwa mali ghafi za Ulaya, halikuafikiana na makaa na mawe yaliyopatikana pale. Aliitwa Noro Kageyoshi, mtaalamu wa madini, ambaye alichunguza makosa, akabadilisha umbo la tanuri na kusimamia uokaji bora wa makaa, na katika Julai 1904 tanuri liliwashwa tena na halikuzimika. Tangu hapo Yawata ikawa mama wa viwanda vya feleji vya Japani. Ninapenda habari za Noro kwa sababu hakuyatupa yaliyoletwa na Wajerumani, wala hakuyachukua kama yalivyo. Alikaa na moto wa kwake, makaa ya kwake na mawe ya kwake mpaka akajua kinachohitajika.

Sasa tuingie ndani ya jengo. Ili ulione vizuri, kumbuka kwanza nyumba zetu. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene sana, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa, vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba, vya kama mita tatu hivi. Ukuta ndio unaobeba kila kitu. Ukiuvunja ukuta, umeivunja nyumba.

Karakana ya Yawata imejengwa kwa kanuni iliyo kinyume cha hiyo. Mzigo wote unabebwa na mifupa: nguzo za feleji zilizopangwa kwa safu, na juu yake kenchi za feleji zinazovuka upana wa ukumbi mzima bila nguzo katikati. Ukuta ni nguo tu ya kuzuia mvua na upepo. Nguzo zile hazibebi paa peke yake, bali zinabeba pia njia ya winchi ya juu, ile inayotembea kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine ikiwa imening'iniza kipande kizito cha mtambo. Ndiyo maana zimeundwa imara kuliko ambavyo paa lingehitaji. Mtu anayetazama karakana kwa jicho la mapambo anaweza kusema haina uzuri wowote. Mimi sikubaliani naye. Kila kiungo unakiona, na kila unachokiona kina kazi, na mtu aliyefunzwa anaweza kuufuata uzito kwa macho kutoka kileleni mwa paa hadi kwenye msingi.

Viungo vya siku zile havikuchomelewa, kwani kuchomelea kwa umeme kulikuwa bado hakujaingia katika ujenzi wa majumba. Vilifungwa kwa ribiti. Ribiti ni pini nene ya chuma yenye kichwa upande mmoja. Inatiwa motoni mpaka iwe nyekundu, inarushwa au kupokezanwa kwa koleo, inaingizwa katika tundu lililopitia mabamba mawili au matatu, kisha fundi mmoja anaikandamiza kichwani na mwenzake anaupiga mkia mpaka ufanye kichwa cha pili. Inapopoa inasinyaa, na katika kusinyaa inayavuta mabamba yakabana kwa nguvu nyingi. Kiungo cha namna hiyo kina faida ambayo sisi wa zama za kuchomelea tumeisahau: kinafunguka. Unakata kichwa, unaisukuma ribiti nje, unaondoa bamba lililoliwa na kutu, unaweka jipya lenye matundu yaleyale, na mifupa iliyobaki haikuguswa na moto.

Hilo ndilo jibu la kwanza la swali lako la kwa nini jengo limedumu. Lilijengwa kwa vipande vinavyoweza kuhesabiwa, kukaguliwa na kubadilishwa kimoja kimoja, kama jahazi linavyobadilishwa ubao pwani bila kuacha kuwa jahazi lilelile. Liliweza pia kurefushwa. Kiwanda kilipokua, karakana iliongezwa zaidi ya mara moja, na nyongeza hizo zilijengwa kwa feleji iliyotoka Yawata kwenyewe. Ndani ya ukumbi mmoja, basi, feleji ya Oberhausen na feleji ya Yawata zinabeba paa moja, na mwenye kuijua historia anaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo nchi iliacha kununua ikaanza kutengeneza.

Jibu la pili ni kazi yenyewe. Jengo ambalo winchi inapita juu yake kila siku haliwezi kuachwa livuje, kwa sababu maji yakiingia kazi inasimama na mwenye kiwanda anapata hasara siku hiyohiyo. Nguzo ikipinda, winchi itakwaruza na mtu ataisikia. Rangi inapakwa, mifereji inazibuliwa, na mabati yanabadilishwa. Karakana hii ina bahati zaidi kwa kuwa wanaofanya kazi ndani yake ni watu wa kutengeneza vitu vilivyoharibika.

Majengo mengine ya Yawata nitayapitia kwa ufupi. Karakana ya uhunzi, nayo ya mwaka 1900, ilikuwa ya kufua vipande vilivyohitajika katika ujenzi wa kiwanda, na leo ni hifadhi ya michoro na nyaraka za kampuni. Ofisi kuu ya kwanza, ya mwaka 1899, ni jengo la matofali mekundu la ghorofa mbili, lenye kuba katikati, ambalo sura yake ni ya Ulaya lakini paa lake ni la vigae vya Kijapani. Humo alikaa mkurugenzi pamoja na washauri wa kigeni, na ilitumika kama ofisi kuu hadi mwaka 1922. Ninayoipenda zaidi ni nyumba ya pampu kwenye mto Onga, katika mji wa Nakama, iliyojengwa mwaka 1910. Kiwanda cha chuma kinakunywa maji kupita kiasi, na nyumba hiyo iliyasukuma kwa mvuke kwa bomba la zaidi ya kilomita 10 hadi Yawata. Kuta zake ni za matofali mekundu na matofali yaliyofanywa kwa mavi ya chuma, yaani taka za tanuri lilelile iliyokuwa ikilihudumia. Mvuke uliondolewa ukaja umeme mwaka 1950, lakini jengo ni lilelile na maji bado yanapita.

Si haki kulisifu jengo na kunyamaza kuhusu waliolitumikia. Feleji ya Yawata iliingia katika vita. Katika Juni 1944 ndege za Marekani aina ya B-29 zilipoanza kuishambulia Japani yenyewe, shabaha ya kwanza ilikuwa Yawata. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la pili la atomiki lilikusudiwa mji jirani wa Kokura. Anga lilikuwa limefunikwa na mawingu na moshi, ukiwamo moshi unaosemekana kutoka Yawata iliyopigwa siku moja kabla, na ndege ikaelekea Nagasaki. Katika miaka hiyo ya 1940 watu wengi kutoka Korea na kwingineko waliletwa bila ya ridhaa yao wakafanyishwa kazi kwa nguvu, ukweli ambao mjumbe wa Japani aliukiri mwaka 2015 wakati maeneo yale, ambayo baadhi yake yalitumia kazi hiyo, yalipokuwa yakipitishwa kuwa urithi. Sisi tunaopita Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, tunafahamu kwamba jengo linaweza kubeba ustadi na dhuluma katika ukuta mmoja, na kwamba anayelionyesha kwa wageni anawajibika kusimulia yote mawili.

Nirudi kwenye sehemu ya swali lako inayohusu sheria. Wajapani walikutana na tatizo hilohilo unalolisema. Sheria yao ya mali za utamaduni ni kali sana kwa jengo linalofanya kazi, kwa hiyo kwa maeneo yanayotumika waliamua kutumia sheria ya mandhari ya miji pamoja na mapatano na wenye viwanda. Kiini cha mapatano hayo ni kutenganisha yasiyobadilishwa na yanayobadilishwa. Mifupa ya feleji, umbo la ukumbi na sura ya nje ni urithi. Mashine zilizo ndani, taa, nyaya na mpangilio wa kazi ni mali ya kazi, na zinaruhusiwa kwenda na wakati. Nafuu hiyo ina gharama yake: kwa kuwa ni eneo la kiwanda, umma hauingii. Wageni wanaiona ofisi kuu ya kwanza wakiwa kwenye jukwaa la kutazamia lililojengwa umbali wa kama mita 80, na karakana hawaioni kwa ndani. Wapo wanaolalamika kwamba urithi usioingiwa si urithi. Nawaelewa, lakini kama ningelazimika kuchagua, ningechagua jengo linalofanya kazi nisiloweza kuliingia kuliko tupu ninaloweza kulitembea huku maji yakinidondokea.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu tuna letu. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, miaka 17 kabla ya karakana ya Yawata, na ilikuwa hodari kwa kiwango chake: nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo, baraza pana kuzunguka jengo zima, na mihimili ya feleji iliyoruhusu kumbi kubwa ambazo boriti za mikoko zisingeziwezesha. Ilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Ikawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, kisha makumbusho, na ilipobakia tupu na dhaifu ikaporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Hewa ya bahari ya Forodhani haina huruma kwa chuma. Kutu ina ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo muhimili uliozikwa ndani ya zege au chokaa ukianza kuota kutu, unavimba na kuipasua sakafu kutoka ndani. Ufa huo unaingiza maji zaidi ya masika, maji yanaongeza kutu, na mtu aliye juu haoni chochote mpaka siku ya mwisho. Yawata mifupa iko wazi na macho ya mafundi yanaipitia, kwetu imefichwa.

Hapo ndipo tunaifikia nguzo yako. Tofauti kubwa kati ya nguzo za Yawata na nyingi za Mji Mkongwe haipo katika umri, ipo katika namna ya chuma. Za Yawata ni feleji, ambayo inavutika na kupindika kabla ya kukatika. Nguzo za mapambo za barazani mwetu kwa kawaida ni chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kikiwa uji ndani ya kalibu. Chuma hicho kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4 hivi, ambayo inakifanya kiwe na nguvu kubwa ya kubeba uzito uliokaa juu yake moja kwa moja, lakini kinyonge kinapovutwa au kupigwa kando. Kinapasuka bila ya kuonya.

Utakitambuaje? Tazama kama kuna mstari mwembamba ulionyooka unaopanda nguzo pande mbili zinazokabiliana. Huo ni mshono wa kalibu. Tazama mapambo ya majani na maua kama yametoka pamoja na nguzo badala ya kubandikwa. Ukipata ruhusa ya kupitisha msasa wa tupa mahali pasipoonekana, chini karibu na sakafu, chuma cha kusubu kitakupa unga mweusi unaochafua vidole, na feleji itakupa vumbi linalong'aa. Kwenye drili tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu feleji hutoa nyuzi zinazojikunja na chuma cha kusubu hutoa chembe. Lakini usitoboe nguzo ya watu kwa ajili ya kujaribu.

Ikiwa ni chuma cha kusubu, usiichomelee. Ukiweka arki juu yake, sehemu ndogo inapata joto kali na iliyobaki inabaki baridi. Inapopoa, pembeni ya mshono chuma kinakuwa kigumu na kikavu kama kigae, na ufa unaweza kutokea papo hapo au baada ya wiki kadhaa, ilhali nguzo imebeba ghorofa. Kuna njia za kuchomelea chuma cha aina hiyo, kwa kukipasha moto mapema na kwa vijiti vya nikeli, lakini ni kazi ya kipande kilichovuliwa na kuwekwa mezani, si nguzo iliyosimama chini ya mzigo. Isitoshe, nguzo nyingi za zamani ni tupu ndani, na unene wa ukuta wake si sawa pande zote kwa kuwa kiini cha kalibu kilikuwa kikisogea wakati wa kumimina. Upande mmoja unaweza kuwa mnene na wa pili mwembamba kuliko unavyodhani.

Badala yake, mfungie mwenye nyumba reli yake kwa kikuku. Tengeneza vipande viwili vya bamba vilivyopindwa kufuata mzingo wa nguzo, viwe na masikio pande zote mbili ya kufungia bolti, na ndani yake uweke utepe wa mpira ili chuma kisigusane na chuma na maji ya chumvi yasikae katikati. Chomelea reli kwenye kikuku ukiwa karakanani kwako Chake, ukipake rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kukipeleka, kisha ukakifunge kule kwa spana bila kukaza kupita kiasi. Reli yenyewe isimamishe kwa miguu yake kwenye sakafu, ili mtu akiiegemea uzito usiende kuivuta nguzo kando. Siku ikitakiwa kuondolewa, itaondoka na nguzo itabaki kama ilivyokuwa.

Na kabla hujapanda boti, mwambie mwenye nyumba apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa maandishi, na akionyeshe kwako. Muulize pia kama kuna bomba la maji ya mvua linaloishia ndani ya nguzo hiyo, kwa sababu baadhi ya nguzo tupu zilitumika hivyo, na nguzo inayojaa maji inaliwa kutoka ndani. Ukigonga kwa nyundo ndogo ya mbao na sauti ikawa butu upande wa chini, au ukaona kutu ikichuruzika kwenye kitako, usifunge chochote. Mpigie mhandisi aje aitazame, hata kama mwenye nyumba ana haraka ya reli yake.